Mbwa wa Lushoto Wiki Tano Kigombe: Joto, Maji Chumvi na Majirani

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu Lushoto. Likizo ya Desemba tunakwenda kwa mjomba Kigombe, kati ya Tanga na Pangani, tukae wiki tano. Nataka kuwachukua mbwa wangu wawili: Simba, jemani shepadi dume wa miaka saba, kilo 36, na Popi, koko jike wa miezi saba, kilo 12, ambaye bado hajachanjwa chochote. Tutasafiri kwa pikapu. Bahari hawajawahi kuiona. Nijiandae vipi, na majirani wa huko watatupokeaje?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Wachukue. Ila ujue mapema kwamba kinachowaua mbwa wa milimani wakishuka pwani si bahari. Ni joto, na hasa joto la siku kumi hadi kumi na nne za mwanzo, kabla miili yao haijalizoea. Mengi nitakayokwambia yanazunguka hapo, lakini naanza na Popi kwa sababu suala lake lina tarehe, na barua yako imenifikia Novemba imeshaanza.

Mpeleke akachanjwe wiki hii. Kwa mbwa anayechanjwa mara ya kwanza, kinga ya kichaa cha mbwa huchukua karibu mwezi mmoja kukomaa. Siku hiyohiyo apate na chanjo ya mchanganyiko, ile ya parvo na distempa, maradhi mawili ya virusi yanayoua mbwa wadogo. Hiyo hurudiwa baada ya wiki tatu hadi nne, kwa hiyo sindano ya pili itaangukia siku chache kabla ya safari. Ukichelewa, utakuwa unampeleka mbwa mdogo asiye na kinga kwenye kijiji ambacho mbwa wengi wanazurura na hakuna ajuaye nani kachanjwa. Simba naye, kama kadi yake imepitisha mwaka, arudie. Dawa ya minyoo wape wote wawili wiki mbili kabla ya kuondoka. Kisha pita ofisi ya mifugo ya wilaya na kadi zako ukachukue kibali cha kusafirisha wanyama. Kadi na kibali vikae mbele kwenye gari, si chini ya mizigo.

Dawa ya kupe nayo ichague kwa kufikiria bahari. Ile ya matone ya mgongoni hufifia mbwa akiingia maji chumvi kila siku na kuoshwa kila siku. Kidonge cha kumeza kinafanya kazi kutokea kwenye damu, maji hayakigusi. Vipo vya mwezi mmoja na vipo vya miezi mitatu. Kinatolewa kwa uzito, basi wapimwe kwanza. Usikubali kumwogesha Popi kwa dawa ya josho la ng'ombe iliyochanganywa kwa kukisia. Mbwa wadogo hulewa dawa hiyo na wengine hawaamki.

Sasa pikapu. Barabara ya Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 za kona tupu, na mbwa aliyeshiba atatapika kabla hamjafika Soni. Wasile chochote saa sita hadi nane kabla ya safari. Maji kidogo ruhusa. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri. Mkitoka saa hiyo mtapita Mombo na Korogwe kabla jua halijakaza, na Tanga mtaingia asubuhi bado. Mkiondoka saa tatu, bati la pikapu litakuwa moto pale Segera na nyayo zitaungua wakiwa wamesimama tu. Tandika magunia mawili mawili, tundika turubai la kivuli lakini pande zibaki wazi hewa ipite. Usimfunge mbwa kwa kola ya shingoni nyuma ya pikapu: akiruka pembeni kamba inamnyonga, na dereva hana habari. Mvalishe mkanda wa kifua, kisha kamba mbili fupi, moja kila upande, zenye urefu wa kumwezesha kulala na kusimama lakini miguu ya mbele isifike juu ya ukingo. Simamisheni gari kila baada ya saa mbili, wanywe, wakojoe. Kama kuna nafasi ndani ya gari, Popi akae ndani.

Mkifika, kazi ya kwanza ni joto. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, ukiacha kidogo nyayoni. Anajipoza kwa kutweta: hewa inapita juu ya ulimi wenye unyevu, maji yanakuwa mvuke, mvuke unaondoka na joto. Desemba upepo ni wa kaskazi na hewa ya pwani imejaa unyevunyevu, kwa hiyo mate yanakauka polepole. Mbwa anatweta kwa nguvu na hapoi. Ndiyo maana nyuzi 31 za Kigombe zinamtesa kuliko nyuzi hizohizo mahali pakavu. Simba ana matatizo mengine mawili: manyoya yake ni ya tabaka mbili, na umri umeanza kusogea. Usimnyoe. Manyoya ya juu yanamkinga na jua. Mchane kila siku kwa kitana cha chuma ili yale laini ya chini yaliyokufa yatoke. Kwa mbwa wa aina yake utajaza mfuko wiki ya kwanza, na hewa itaanza kuifikia ngozi.

Kwa wiki mbili za mwanzo wafuate saa hizi. Asubuhi, jua linapochomoza, saa kumi na mbili na dakika chache, mtoke. Kufikia saa mbili wawe wamesharudi kivulini. Jioni msitoke kabla ya saa kumi na moja. Matembezi ya kwanza yawe dakika kumi na tano tu, kisha muongeze dakika tano kila siku mbili. Kabla hamjakanyaga mchanga, weka mgongo wa kiganja chako juu yake uhesabu polepole mpaka saba. Ukishindwa kumaliza, nyayo zao nazo hazitaweza. Mchana walale upande wa nyumba unaopata upepo, juu ya sakafu ya saruji au mchanga uliomwagiwa maji. Kivuli cha mnazi nakikataza. Nazi moja au kuti kavu likianguka kutoka juu linatosha kumuua mbwa mdogo, na siku za upepo hayatoi taarifa. Mwembe, mkungu au banda la makuti ni salama zaidi.

Dalili za kuzidiwa na joto ujue kuzisoma mapema. Ulimi unalegea na kupanuka nchani kama kijiko, mate yanakuwa mazito ya kuvutika, ufizi unageuka mwekundu wa kukolea, mbwa anaitwa hageuki. Baadaye anapepesuka, anatapika au anahara. Joto la kawaida la mbwa, likipimwa njia ya haja kubwa, ni nyuzi 38 hadi 39.2. Likipita 40.5 na dalili hizo zipo, usianze kwa kutafuta gari. Mpoze kwanza. Mweke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, tumboni na kwenye mapaja kwa ndani, na mtu mwingine ampepee bila kuacha. Upepo juu ya manyoya yaliyolowa ndio unaoondoa joto. Hata maji ya bahari yanafaa kumwagia kama ndiyo yaliyo karibu. Taulo lililolowa usimfunike ukaliacha, kwa sababu baada ya dakika chache linakuwa blanketi. Mpime kila dakika tano, ikifika 39.5 acha kumwagia, maana joto litaendelea kushuka lenyewe. Hapo ndipo mwende kwa daktari wa mifugo, hata kama ameshasimama na anatikisa mkia: figo na damu huweza kuharibika kimyakimya, na madhara yakaonekana siku ya pili.

Maji ya kunywa: Simba nyumbani Lushoto anakunywa kama lita moja na nusu hadi mbili kwa siku. Kigombe mhesabie lita tatu hadi nne, na Popi lita moja au zaidi. Onja mwenyewe maji ya kisima. Visima vingi vya karibu na ufuo vina chumvichumvi, na mbwa asiyeyapenda atakunywa nusu ya anachohitaji bila wewe kugundua. Kila mkienda ufukweni bebeni dumu la lita tano na bakuli, na kila dakika kumi na tano waiteni wanywe, wawe na kiu au wasiwe nayo.

Hilo linanileta kwenye maji chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Mbwa mgeni huinywa kwa sababu hajui, na mbwa anayerushiwa mpira majini huimeza kila anapoudaka, midomo iko wazi. Kidogo kitamharisha tu usiku. Kingi kinanyonya maji kutoka mwilini na kutoka kwenye ubongo: anatapika, anakuwa kama mlevi, misuli inatetemeka, mwisho degedege. Akifika hatua ya kuyumba, mpe maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kidogo kidogo, vikombe viwili vitatu kwa saa, usimwache abugie ndoo nzima, na daktari atafutwe palepale. Mchezo wa mpira majini uwe dakika kumi kisha mapumziko. Tumieni kijiti au kitu chembamba. Mpira mkubwa unaulazimisha mdomo kubaki wazi.

Siku za kwanza Popi asiogelee, atembee tu kwenye maji yanayofika magotini mwake, akiwa na kamba ya mita kumi. Na hapa mumuulize mjomba habari za maji, kwa sababu mkipanga siku zenu kwa saa ya ukutani bila kuangalia mwezi mtapotea. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji ya pwani hii hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku, na tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kupita mita tatu. Kila siku saa hizo zinasogea mbele kama dakika hamsini, mpaka yakifika maji mafu, wiki moja baadaye, mambo yamegeuka. Faida yake kwenu ni hii: asubuhi za bamvua, mkitoka alfajiri, maji yanakuwa yanarudi na kuacha mchanga mgumu, baridi, mpana. Hatari yake: jioni zilezile ufuo umefunikwa, na ukiwa umezunguka mkoko au jabali unaweza kukuta njia ya kurudi haipo. Mwambani, maji yakipwa, kuna miiba ya bahari, ile myeusi yenye sindano ndefu, na matumbawe yanayokata nyayo kama kioo. Mbwa wasiende huko. Sindano iliyojitokeza ing'oe kwa kibano kwa kuvuta wima; iliyokatikia ndani usiichokonoe, muachie daktari. Mkato wa tumbawe uoshe kwa maji baridi na sabuni siku hiyohiyo, kwa sababu huoza upesi.

Mkienda kutembea Pangani, mbwa wasishuke mtoni hata kidogo. Mto Pangani una mamba, na ukingo uliotulia ndio wa kuogopa zaidi.

Kila mkirudi nyumbani, nusu ndoo ya maji baridi kwa Popi, ndoo nzima kwa Simba, kuanzia mgongoni hadi katikati ya vidole. Chumvi ikikaukia kwenye manyoya mazito inawasha, mbwa anajilamba, kesho pana kidonda cha majimaji. Masikio yafute kwa kitambaa kikavu kilichozungushwa kidoleni, usiingize kijiti cha pamba. Jioni keti nao mkekani uangalie vidole kimoja kimoja. Funza anaonekana kama nukta nyeusi katikati ya uvimbe mweupe. Mtoe mzima kwa sindano iliyochomwa moto, kisha paka iodini.

Ufukweni mbwa anatembea kwa pua na kila kitu kinanuka chakula. Kuna kimoja ambacho wewe wa milimani hukijui: bunju. Ni yule samaki anayejijaza upepo akawa kama mpira. Wavuvi wanamtupa mchangani kwa sababu ana sumu, na hata akikauka jua sumu inabaki. Mbwa akimla, ndani ya dakika chache au saa chache anatoka mate, miguu ya nyuma inalegea, kisha pumzi inashindwa. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo hakuna, kuna kumsaidia apumue mpaka ipite, na hilo linataka daktari. Mfundishe Popi neno "acha" kuanzia leo, kwa kipande cha nyama chini ya kiatu: akikikodolea macho mwambie acha, akikutazama wewe mpe kipande kingine kilicho bora kutoka mkononi. Mara kumi kila siku mpaka Desemba, atalijua. Wakiwa karibu na diko la samaki wafungwe kamba, hapo ndipo pana vichwa vya samaki na ndoana. Ndoana iliyomezwa haivutwi kwa mshipi wake. Usiukate mshipi karibu na mdomo pia. Acha sentimita thelathini zibaki nje, mfunge mdomo kwa kitambaa kwa ulegevu asizitafune, mwende.

Na ni msimu wa maembe. Kokwa ya embe inapita koo la Simba lakini inakwama kwenye utumbo, na kinachofuata ni upasuaji. Okoteni kokwa zote uani kila jioni, watoto waelezwe. Dagaa wa chumvi wachemsheni, maji ya kwanza mwage, ndipo wachanganywe kwenye ugali. Ugali wa mbwa uliolala bakulini saa nne za joto lile umeshachacha. Walishe alfajiri baada ya kutembea na tena usiku baada ya kupoa, na Simba asikimbie saa nzima baada ya kula. Mbwa wa kifua kirefu kama yeye tumbo hujipinda.

Umeuliza majirani watawaonaje. Kigombe ni kijiji cha wavuvi na Waislamu ni wengi, wa madhehebu ya Shafii, ambayo yanahesabu mbwa kuwa najisi nzito: mate yake au mwili wake wenye unyevu ukigusa nguo au chombo, kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yenye udongo. Fikiria mzee katoka kutawadha, kanzu nyeupe, anakwenda swala ya magharibi, na Popi aliyelowa maji ya bahari anamkimbilia kwa furaha. Kwako ni kulambwa tu. Kwake ni kurudi nyumbani, kuvua, kuosha mara saba, na swala ya jamaa imempita. Mtu hakuchukii wewe wala mbwa wako, umemharibia ibada. Desemba magharibi inaingia saa kumi na mbili na nusu na kidogo, wakati uleule mtakaokuwa mnarudi kutoka matembezini. Kwa hiyo rudini kabla, au pitieni njia isiyopita msikitini, kamba mkononi, kamba fupi.

Siku ya kwanza, kabla mbwa hawajatoka uani, mjomba akupeleke ukapige hodi nyumba za jirani na kwa mwenyekiti wa kitongoji. Sema nina mbwa wawili, wamechanjwa, kadi hizi hapa, watafungwa, wakikosea niambieni mimi. Hilo linaondoa nusu ya malalamiko. Wasikanyage nyavu zilizotandazwa, wasiingie kwenye ngalawa ya mtu, wasipite juu ya dagaa au mwani ulioanikwa. Mkojo mmoja wa Simba ni hasara ya siku nzima ya mwanamke aliyekusanya mwani huo. Usiku wafungiwe. Mbwa anayezurura usiku hula kuku wa watu, au huchimba mashimo ya mayai ya kasa, na pwani hiyo ni Hifadhi ya Bahari ya Silikanti (samaki adimu wa kale) tangu 2009. Kinyesi kikusanyeni na mkitumbukize chooni. Kukifukia mchangani hakusaidii: minyoo ya safura ya mbwa hupenda mchanga wenye unyevu, na watoto wanaocheza peku hupata michirizi myekundu ya kuwasha inayotambaa chini ya ngozi.

Mbwa wa kijiji akimng'ata mmoja wenu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kamili, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Msisubiri kuona mbwa huyo atakuwaje.

Mfuko wa dawa uwe na kipimajoto, kibano, iodini, bandeji, sabuni ya kipande, pakiti tatu za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini na namba ya daktari wa mifugo aliyeko Tanga mjini, uliyempigia kabla ya safari. Panadol, diklofenaki na dawa nyingine za maumivu za binadamu zisiwakaribie mbwa. Zinaua ini na kutoboa tumbo.

Neno kuhusu mbung'o, nzi wanaoeneza malale. Kigombe kwenyewe si shida sana, lakini mkishuka kuelekea vichaka vya Pangani na Saadani wapo, na wanavutwa na rangi ya buluu na nyeusi na chochote kinachotembea, pikapu ikiwemo. Hifadhi ya Taifa ya Saadani hairuhusu mbwa, basi hakuna sababu ya kuwapeleka upande huo. Tanga ndipo walipozalishwa wale mbung'o madume tasa walioachiwa Unguja kati ya 1994 na 1997 mpaka kisiwa kikasafika, lakini bara bado wapo. Malale ya mbwa huanza na homa, uso kuvimba, na macho kufunikwa na ukungu wa bluu kama maziwa. Ukiona jicho hilo, usimruhusu mtu mwenye sindano ya ng'ombe amchome mbwa wako. Dawa ni ileile, lakini kipimo cha mbwa kina nafasi ndogo sana ya kukosea, na kikizidi kinaharibu ubongo.

Mkirudi Lushoto, wape tena dawa ya minyoo wiki ya kwanza. Mpaka mwisho wa Februari, mbwa yeyote kati yao akipata homa, akikataa chakula, ufizi ukipauka au mkojo ukigeuka rangi ya kahawia, mwambie daktari neno la kwanza kwamba mlikuwa pwani, na umwombe atoe tone la damu kwenye ncha ya sikio alitazame kwa darubini kabla ya kuandika dawa yoyote.